Njia moja, nyumba moja, mahali pamoja: namna ya kutumia wikendi za kiangazi Mbeya mkiwa wawili

Kiangazi cha Mbeya kina sehemu mbili, na waliohamia hapa kutoka Dar hujifunza hilo kwa kukohoa. Kuanzia Juni hadi katikati ya Agosti ni baridi kavu: asubuhi pumzi inatoka kama moshi, maji ya bomba yanauma vidole, na kituoni watu wamejifunga vitenge mpaka masikioni. Baada ya hapo jua linakuwa kali, upepo unaanza kubeba vumbi, na vumbi hilo linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Mvua hurudi karibu na Novemba. Kati ya Juni na mwisho wa Oktoba kuna wikendi 22 hivi ambazo barabara za vijijini zinapitika, mazao yameshaingia ndani, na watu wana muda wa kukaa barazani. Huu ndio msimu wa kutembea.

Mimi na mume wangu tunakaa Ilomba, vyumba viwili vya kupanga. Mimi ni fundi cherehani, yeye ni fundi umeme wa magari na Jumamosi anafunga kazi saa 8 mchana. Miaka miwili ya mwanzo ya ndoa tulikuwa tunanuniana kila Jumapili jioni kwa jambo lile lile. Yeye alitaka tukaone mahali: ziwa, maporomoko, mlima. Mimi nilitaka tukasalimie watu, maana marafiki tuliosoma nao wametawanyika Kiwira, Kyela, Vwawa na Chimala, na urafiki usiotembelewa unapoa. Tukawa tunapigia kura, na kila wiki mmoja anashindwa. Kilichotuokoa ni kuchora ramani. Tuligundua kwamba kila barabara inayotoka Mbeya kwenda mahali pazuri inapita pia mlangoni kwa mtu tunayemfahamu. Tangu hapo tunapanga hivi: njia moja, nyumba moja, mahali pamoja. Hatuongezi. Naeleza tunavyofanya, kwa mpangilio tunaoufuata.

Hatua ya 1: Toeni kwanza wikendi ambazo si zenu

Kiangazi ndio msimu wa harusi. Mavuno yameuzwa, mvua haitaharibu hema, kwa hiyo kuanzia Julai kadi za michango zinakuja mfululizo. Mimi naiona mapema kuliko wengine kwa sababu sare za kamati na za wifi na shangazi zinapita kwenye cherehani yangu. Kitambaa kikianza kuja kwa dazeni, najua Jumamosi zimeanza kuliwa.

Mwanzoni mwa Juni kaeni na kalenda ya ukutani na kalamu mbili. Wekeni harusi, send-off, kitchen party, kipaimara, vikao vya kamati, zamu za kanisani, na kikoba kama mmojawenu yumo. Mwaka jana baada ya kuweka yote hayo tulibakiwa na wikendi 9. Tulishtuka, lakini 9 zinazojulikana zina faida kuliko 22 za kudhani.

Hapo mkubaliane mambo mawili. La kwanza, ni harusi zipi mtachangia na kuhudhuria, na zipi mtachangia tu. Mwambieni mwenyekiti wa kamati mapema, kwa sauti ya kawaida, kiasi mtakachotoa na kwamba siku hiyo hamtakuwepo. Anayeambiwa mapema haumii. Anayeumia ni yule aliyewahesabu kwenye viti. La pili, katika wikendi zilizobaki acheni moja kila mwezi bila mpango wowote. Mtalala, mtafua, mtapika makande ya kutosha siku mbili. Tulipoipuuza hiyo, Oktoba tulikuwa hatuongei vizuri kwa uchovu tu.

Hatua ya 2: Chora barabara nne, andika watu na mahali

Chukua karatasi, weka Mbeya katikati, piga mistari minne.

Kusini ni njia ya Tukuyu na Kyela, inayochepuka Uyole. Hii ndiyo njia tajiri kuliko zote. Unapita Isyonje, Isongole, Kiwira, Kyimo, Tukuyu, halafu unateremka mpaka Kyela. Kuna Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu na Kijungu kwenye Mto Kiwira, Mlima Rungwe wenye urefu wa mita 2,960 hivi, mashamba ya chai, maporomoko ya Kaporogwe, na mwisho kabisa mchanga wa Matema.

Magharibi ni njia ya Tunduma. Huko kuna Kimondo cha Mbozi, katika kijiji cha Ndolezi, mkoa wa Songwe. Ni bonge la chuma lenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16 na urefu wa mita 3 hivi. Ni safari ya nusu siku, haina mlima wa kupanda, inafaa mkiwa na mgeni mzee au rafiki mjamzito. Angalieni pembeni yake mtaona mahali walipokata vipande vya kuchunguza. Tarehe 30 Juni ni Siku ya Vimondo Duniani. Kama wikendi yenu inaangukia hapo, ulizeni kama kuna shughuli.

Kaskazini ni njia ya Chunya, inayopanda Kawetire kwenye misitu ya misonobari. Hii ni ya jioni fupi ya Jumapili: bajaji au pikipiki mpaka juu, mnaangalia mji wote ulivyolala chini, mnarudi kabla giza halijaingia.

Mashariki ni njia ya Iringa, kupitia Chimala. Watu wengi huuliza kuhusu Kitulo, ile hifadhi inayoitwa Bustani ya Mungu, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Nawaambia ukweli: maua ya Kitulo ni ya masika. Yanaanza mvua zikishika na yanapendeza zaidi kati ya Desemba na Aprili. Ukienda Julai utakuta majani makavu na baridi inayogandisha maji. Kama mna rafiki Matamba, nendeni kwa ajili yake na kwa ajili ya ile barabara ya kona 57 kutoka Chimala, ambayo wenyeji wanaiita Hamsini na Saba. Maua wekeni kwenye kalenda ya mwezi wa kwanza.

Sasa kwenye kila mstari andika majina: rafiki, mwanafunzi mwenzako, shangazi, jirani wa zamani. Mume wangu aliandika watu watatu njia ya Tukuyu ambao mimi sikujua hata kama wapo. Mmoja alikuwa mpambe wake wa harusi.

Hatua ya 3: Bahasha

Sisi tunatenga Sh 70,000 kwa mwezi kwa kutembea, na inapoisha imeisha. Ndani ya bahasha kuna mafungu manne na yana mpangilio: nauli ya kwenda na kurudi, zawadi ya mwenyeji, viingilio, halafu chakula cha njiani. Chakula ni cha mwisho kwa sababu mnaweza kubeba viazi vitamu vya kuchemsha na chai kwenye chupa. Zawadi haipunguzwi.

Nauli ya kurudi inakaa kwenye simu ya mume wangu, na ya akiba kwenye simu yangu. Hakuna anayeigusa hata kama tumeona parachichi za bei nzuri. Simu zote mbili ziwe na salio pia kwa sababu maeneo yanayosimamiwa na serikali siku hizi hupokea malipo kwa namba ya malipo kupitia simu, na kule porini hakuna wakala wa kukuwekea pesa.

Hatua ya 4: Pigeni simu, na semeni mambo matatu

Zamani mtu alikuwa anapiga hodi tu. Bado vijijini wapo wanaopenda hivyo, na wazee wengine watashangaa ukiwauliza ruhusa ya kuja nyumbani kwako. Lakini kwa vijana wenzetu, wenye kazi za zamu na watoto wadogo, nasisitiza simu.

Mwaka wa kwanza tulimshtukiza rafiki yetu Kiwira. Tulitoka Ngosi, tukasema tupite tu, tusalimie. Walitupokea kwa furaha ya kweli. Lakini nilipoingia jikoni kumsaidia mke wake, nikamsikia akimtuma mtoto mlango wa nyuma kwa jirani na bakuli tupu la unga. Mtoto akarudi na bakuli nusu. Tulikula, na mimi kila tonge lilikuwa linanikwama, maana nilijua ni chakula cha nani. Hawakutulaumu hata kwa jicho. Mimi ndiye nisiyesahau.

Kwa hiyo simu, siku tatu kabla, na semeni mambo matatu waziwazi: mnakuja saa ngapi, mtakula au mtapita, mtalala au mtarudi. Mimi husema hivi:

"Wifi, Jumapili tunakuja huko Kiwira. Tutafika saa 8 mchana, tutakula na nyie, na gari la saa 11 tunarudi. Mboga nakuja nayo mimi, wewe usihangaike."

Hilo la mboga lina uzito. Nyama kilo moja ya kutoka mjini inamwondolea mwenyeji mzigo bila kumdhalilisha, kwa sababu umeitangaza kama zamu yako.

Hatua ya 5: Mkononi

Usimpelekee mtu wa Tukuyu ndizi. Mpelekee kile ambacho dukani kwake ni ghali au hakipo: sukari, mafuta ya kula, sabuni ya kufulia, mkate mzuri, kitabu cha mtoto. Kama kuna mzazi aliyejifungua, peleka sabuni, maziwa na khanga pea moja, na mpe yeye mkononi, siyo mume wake. Kwa wazee, sukari na sabuni havijawahi kukosea. Njia ya Kyela, ongeza viazi mviringo vya Isyonje. Tunashuka gari likisimama pale, tunanunua debe dogo, na kule joto linakotawala vinapokelewa vizuri sana.

Nanyi bebeni mfuko mtupu. Sisi tuna shangazi kaja moja iliyokunjwa ndani ya begi. Hamtaondoka mikono mitupu: kuna mkungu, kuna parachichi, kuna maharage mapya yaliyotoka shambani Juni, kuna mchele wa Kyela. Kukataa ni kumkosea mwenyeji. Kupokea bila mfuko ni kusumbuana kutafuta kamba wakati gari linapiga honi.

Hatua ya 6: Mkifika

Wazee kwanza. Shikamoo kwa kila mkubwa, mmoja mmoja, hata wale waliokaa pembeni wakichambua maharage. Njia ya Rungwe na Kyela, neno "ndaga" litakufikisha mbali: ni shukrani, na ukiongeza "fijo" umeshukuru sana. Mwanamke akisalimia wazee anapiga goti kidogo; sihisi kama ninashushwa, na bibi wa kule wakiliona goti wanakuita mwanangu papo hapo.

Dada uliyeolewa kwa Wanyakyusa, hili nakuomba ulisome mara mbili. Katika familia zinazoshika mila, mkwe wa kike na baba mkwe hawakutani ana kwa ana, hawapeani mikono, hawakai sebule moja. Zipo familia zilizolegeza na zipo ambazo bado. Muulize mumeo kabla hamjapanda gari, siyo mlangoni. Akikwambia mzee anashika mila, utaingilia mlango wa jikoni, na mama mkwe atakupangia pa kukaa. Wapo wanawake wa kutoka mikoa mingine waliomfuata mzee kwa mkono ulionyooshwa na uso wa furaha, nyumba nzima ikanyamaza. Kosa halikuwa lao. Ni la mume ambaye hakusema.

Ndani ya nyumba mmoja wenu aingie jikoni. Haina haja awe mke kila mara. Mume wangu huchinja kuku na kuchanja kuni, na marafiki zake wameacha kumshangaa. Simu ziwekwe mfukoni chakula kikiwa mezani, na picha za nyumba ya watu zisiende popote kabla hawajasema sawa. Kaeni saa mbili au tatu. Mwenyeji akisema "mbona mapema" mara ya kwanza ni adabu. Akisema mara ya pili huku ameshika ufunguo wa chumba cha wageni, hapo anamaanisha.

Hatua ya 7: Siku ya Ngosi, saa kwa saa

Naeleza siku hii kwa kirefu kwa sababu ndiyo tunayoipenda, na ndiyo tuliyoiharibu mara nyingi kabla ya kuijua.

Chagua Septemba au Oktoba mwanzoni. Juni na Julai njia huwa na ukungu na utelezi. Eneo la Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na haliheshimu sana kalenda ya kiangazi. Hata Septemba bebeni koti la mvua.

Usiku wa kuamkia: chemsha mayai na viazi, jaza chupa ya chai, weka maji lita mbili kwa kila mtu. Viatu viwe vyenye meno chini. Mwanjelwa kwenye mitumba utapata raba nzuri za kupandia mlima ukienda asubuhi wanapofungua marobota. Sweta ya kuvaa mkiwa juu. Kitenge kimoja cha kukalia. Mfuko wa plastiki mgumu wa kufunikia simu.

Saa 1 asubuhi muwe Uyole. Tunapandia pale kwa sababu njia ya Iringa na ya Tukuyu zinaachana hapo, na costa za Kiwira na Tukuyu hazikosekani. Kaeni upande wa kulia, mtaona safu ya Uporoto inavyofunguka. Mwambieni kondakta mapema kwamba mnashuka njia ya Ngosi, anapajua. Kutoka barabara kuu mpaka ukingo wa msitu ni kilomita kadhaa, na bodaboda wapo. Elewaneni bei ya kwenda na ya kuja kuwachukua, na chukueni namba yake ya simu. Mlipeni nusu ya pili akirudi.

Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Lipeni kiingilio, chukueni mwongoza njia. Sisi mara ya kwanza tulitaka kwenda wenyewe ili tubaki peke yetu, tukapotea kwenye njia ya wakata kuni kwa saa nzima. Mwongoza njia mzuri anatangulia hatua ishirini mbele na kuwaachia maongezi yenu.

Kupanda ni saa moja na nusu kwa mwendo wetu. Migomba mwitu, miti iliyovaa kuvu, mianzi karibu na juu. Mkinyamaza mtasikia mbega kabla ya kuwaona. Sehemu ya mwisho ni kali, mtashika mizizi. Halafu ghafla miti inaisha, na ziwa liko chini yenu ndani ya shimo la volkano, mita 200 hivi chini, kijani kilichokolea, limenyamaza. Hapo ndipo mnapovaa sweta, mnatandika kitenge, mnakunywa chai. Njia ya kushuka majini ipo lakini ni mteremko wa hatari, na kupanda kurudi ni mateso. Hatujawahi kushuka na hatujutii.

Saa 6 muwe mnashuka. Saa 8 muwe Kiwira mezani kwa marafiki.

Mahali pamoja tu, nakumbusha. Kuna mwaka tulijaza yote siku hiyo hiyo: Ngosi, Kijungu mto unapotumbukia kwenye chungu cha mawe, halafu Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba juu ya mto ambalo halikujengwa na mtu. Tulifika kwa rafiki saa 12 jioni, chakula kimepoa chini ya kawa, watoto wamelala, na sisi tunaomba radhi tukiwa tumesimama kwa sababu gari la mwisho linaondoka. Siku hizi Kijungu na Daraja la Mungu tunavipa wikendi yake, kwa sababu viko jirani. Kijungu kiko karibu na eneo la Chuo cha Magereza Kiwira; jiandikisheni mkiulizwa, jibuni kwa heshima, msipige picha majengo.

Hatua ya 8: Matema, siku mbili

Hii ni moja kwa msimu. Inahitaji mume wangu aombe Jumamosi mapema, na aifidie kwa kuchelewa kutoka siku za wiki. Tunaondoka Jumamosi alfajiri, kamwe siyo Ijumaa usiku: kule kushuka kuna kona na malori, na mwanga ni usalama wenu.

Juni na Julai mtu anavutiwa na Kyela kwa joto lake, kwani Ziwa Nyasa liko mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya tuko mita 1,700 hivi. Lakini miezi hiyo upepo wa mwera unapiga kutoka kusini na ziwa linachafuka. Kama mnakwenda kuona watu na kununua mchele mpya, nendeni Juni. Kama mnataka kuoga ziwani, subirini Septemba ziwa litulie.

Jumamosi ni siku nzuri kwa sababu ya soko la vyungu la Lyulilo, jirani na Matema. Wanawake wa Kikisi wa upande wa Ikombe huvifinyanga kwa mikono na kuvileta kwa mitumbwi. Nunueni kimoja cha ukubwa wa maharage ya watu wanne, muulizeni muuzaji namna ya kukiandaa kabla ya moto wa kwanza, kifungeni kwa majani ya mgomba na mkipakate njia nzima. Kwenye buti hakitafika.

Jioni milima ya Livingstone inageuka zambarau, wavuvi wanaandaa taa, mnakaa kwenye mchanga. Mbasa wa kuchoma na wali, mnakula kwa mkono. Nyumba yetu ya safari hii ni ya rafiki wa Ipinda. Tunakula kwake Jumapili mchana wakati wa kurudi, na tunaondoka na dagaa wa Nyasa.

Tahadhari tatu. Ulizeni wenyeji pa kuogelea, na muwe mbali na midomo ya mito kwa sababu ya mamba, na mbali na maji yaliyotulia kwenye matete kwa sababu ya kichocho. Laleni ndani ya neti hata kama hamjasikia mbu. Na mmojawenu akipata homa wiki moja hadi mwezi baada ya safari, aende kupima malaria siku hiyo hiyo na amwambie daktari kwamba alikuwa Kyela. Mwili wa mtu wa baridi haujazoea.

Wikendi ambazo hamna pesa

Zitakuwepo. Wiki ya Nane Nane, Agosti 1 hadi 8, viwanja vya John Mwakangale vinajaa mabanda. Nendeni siku ya katikati, siyo tarehe 8 yenyewe, ili mpate nafasi ya kuuliza. Mche wetu wa parachichi, uliopo sasa kwa mama mkwe, tuliutoa huko. Ligi ikianza kuna mechi Uwanja wa Sokoine. Na kuna kutembea tu kwa miguu jioni kutoka Mafiati mpaka Kabwe, mahindi ya kuchoma mkononi.

Hatua ya 9: Zamu yenu ya kupokea

Mliowatembelea watakuja, na Mbeya mjini kila mtu anakuja: hospitali, chuo, benki, harusi. Vyumba viwili vinatosha. Godoro la ziada lisimame nyuma ya mlango, blanketi mbili nzito ziwe safi, ndoo ya maji ya moto iwe tayari asubuhi. Mgeni wa Kyela anayelala Ilomba mwezi wa saba anateseka kimyakimya. Mpe soksi bila kumuuliza.

Na jiko la mkaa lisilale ndani. Najua baridi, najua jinsi linavyovutia, nimeliona kwenye nyumba za watu ninaowapenda. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Pasheni chumba jioni mlango ukiwa wazi, litoeni nje, kisha ndio mlale. Mgeni akilileta mwenyewe chumbani kwa mazoea ya kwao, litoe na umweleze kwa nini.

Asubuhi ya kuondoka, chai na chapati, halafu msindikizeni wote wawili mpaka anapopandia gari. Uyole kama anakwenda kusini, Mafiati kama anakwenda Tunduma. Mfuko wake uwe na mkate na sabuni chini ya nguo, mahali ambapo atavikuta nyumbani. Ngojeni mpaka gari liondoke, andikeni namba ya gari, na saa mbili baadaye pigeni simu kuuliza kama amefika.